Mwanachama Pekee

Rut alichelewa siku moja tu, na siku hiyo moja ikamtia katika vyama vitano.

Kosa lilikuwa la mto Lufilyo. Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka 1911, na mto ulikuwa umejaa mpaka migomba ya ukingoni ilisimama ndani ya maji. Rut na baba yake, Ezekia, mvuvi wa Kikisi kutoka chini ya milima ya Ukinga, walikaa ng'ambo kutwa nzima wakiyaangalia maji. Baba alikuwa amebeba vyungu viwili vipya, zawadi ya mkewe kwa shule. Binti alikuwa amebeba mkeka na hofu. Kesho yake maji yalishuka, wakavuka, na jioni wakafika kwenye shule ya bweni ya wasichana, upande wa Bujonde.

Uwanjani walikuta wasichana kumi na watano wamepangwa mstari. Kila mmoja alikuwa na utepe kifuani, mwekundu, wa buluu au wa kijani. Mbele yao alisimama mwanamke wa Kijerumani, mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Huyo ndiye Bibi Hulda, mkuu wa shule.

"Ugonile," Ezekia alisalimia kwa adabu, akachuchumaa.

"Mmechelewa," Bibi Hulda alijibu kwa Kinyakyusa chake cha kitabuni. "Uchaguzi ulikuwa jana."

Ezekia hakujua uchaguzi ni nini, akadhani ni ugonjwa. Akatoa pole.

Bibi Hulda alikuwa mtu mwema, na wema wake haukumpa mtu nafasi ya kupumua. Kwao Ujerumani alikuwa amejiunga na vyama saba, na aliamini kwa moyo wote kwamba msichana akikaa bila chama, hata kwa wiki mbili, atarudi kwao kucheza ngoma. Kwa hiyo alikuwa ameunda vyama vitano. Chama cha Sindano kilifuma soksi za sufu kwa ajili ya watoto maskini wa mji aliozaliwa yeye. Chama cha Kinanda kilikitunza kinanda cha kanisani, ambacho mchwa walikuwa wameshakila nusu. Kulikuwa na Chama cha Usafi, na Chama cha Kuwatembelea Wagonjwa, na Chama cha Ukimya, ambacho kazi yake haikufahamika vizuri, maana wenyewe hawakuruhusiwa kuieleza.

Kila chama kilikuwa na viongozi watatu: mwenyekiti, katibu na mtunza ufunguo. Mtu mmoja, cheo kimoja. Wasichana walikuwa kumi na watano, vyeo kumi na vitano. Hesabu ilikuwa imekaa sawasawa kabisa mpaka Rut alipotokea na mkeka wake.

Bibi Hulda aliwaza kidogo, halafu uso wake ukang'aa.

"Vizuri sana!" alisema. "Tulikuwa na viongozi, lakini hatukuwa na mwanachama."

Hivyo ndivyo Rut, binti wa mfinyanzi, mwenye umri wa miaka kumi na minne, alivyokuwa mwanachama wa vyama vyote vitano, na mwanachama pekee.

Miezi ya mwanzo alijiona amebahatika. Alijifunza kusoma na kuandika upesi kuliko wengi, na mikutano ilimfurahisha. Neno mwenyekiti lilikuwa geni, na wasichana walilichukua kama lilivyo: mwenyekiti ni mwenye kiti. Shule nzima ilikuwa na kiti kimoja tu cha kuazima, cha jikoni kwa Bibi Hulda, na kimevunjika mguu. Kwa hiyo mikutano haikuweza kufanyika kwa wakati mmoja. Wenyeviti walikigombea kile kiti, na aliyekipata alikaa wima bila kutikisika, akiogopa kuanguka mbele ya wanachama, yaani mbele ya Rut.

Mkutano wa Chama cha Usafi ulikwenda hivi. Mwenyekiti alisema, "Napendekeza uwanja ufagiliwe." Katibu akasema, "Naunga mkono." Mtunza ufunguo, ambaye ufunguo wake haukufungua chochote, akasema naye anaunga mkono. Kisha mwenyekiti akauliza kwa sauti kubwa, kana kwamba anahutubia soko zima:

"Wanachama mnasemaje?"

Wanachama wakainua mkono.

"Limepita kwa kauli moja. Wanachama wakachukue fagio."

Wanachama wakachukua fagio. Kesho yake wanachama walichambua sufu ya Sindano, kesho kutwa wakapangusa kinanda. Siku ya Jumamosi wanachama walibeba kikapu cha ndizi nyuma ya viongozi watatu waliokwenda kuwatembelea wagonjwa. Mgonjwa alikuwa mmoja, Mzee Lazaro, aliyekaa jirani na shule, na wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekohoa kanisani siku moja, basi. Tangu hapo walimjia kila Jumamosi, wakamwimbia nyimbo nne, wakamwombea apone. Mwishowe alipowaona tu kwa mbali alikuwa anatoka kwa mlango wa nyuma na kujibanza zizini na ng'ombe wake.

"Mwanangu," alimwambia Rut siku moja alipombamba nje peke yake, "hebu waambie hao wenzako kwamba nimekufa."

"Watakuja kuzika, babu," Rut alijibu. "Wataimba nyimbo nane."

Mwenyekiti wa Chama cha Ukimya aliitwa Tusekile. Alikuwa binti wa ukoo mkubwa, mnene, mzuri wa sura, na hakujaliwa kufunga mdomo. Alihutubia juu ya ukimya asubuhi, alihutubia wakati wa chakula, na aliwanyamazisha watu waliokuwa wamenyamaza tayari. Rut alimwogopa mwanzoni. Baadaye alimzoea, kama mtu anavyozoea mvua juu ya bati.

Mwaka ukapita hivyo. Mwezi wa saba wa mwaka wa pili, mchuuzi mmoja aliyetoka ziwani na vyungu alileta habari. Mama yake Rut, Anyosisye, alikuwa ameungua mkono wa kulia wakati wa kuchoma vyungu. Rundo la nyasi lilikuwa limeanguka vibaya. Vidonda vilikuwa vibichi, na hakuweza kufinyanga wala kukanda udongo. Kwa Wakisi, mwanamke asiyefinyanga hana cha kupeleka sokoni, na asiyekuwa na chungu cha kubadilisha kwa mahindi au maharage hapati chakula.

Rut alikimbia kwa Bibi Hulda kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani wiki tatu.

Bibi Hulda alimsikiliza, akamshika bega, hata macho yakamlengalenga. Hakuwa na moyo wa jiwe. Alikuwa na utaratibu.

"Wewe ni mwanachama," alisema. "Vyama vitano vinakutegemea. Peleka ombi lako kwa viongozi wako, walijadili. Mimi siwezi kuwaingilia."

Rut akapeleka. Chama cha Sindano kilisema kinasubiri Usafi waseme. Usafi walisema sikukuu ya mwaka ya vyama iko karibu, wageni wanakuja, nani atafagia? Kinanda walisema ombi limeandikwa kwa mwandiko mbaya. Wale wa Kuwatembelea Wagonjwa walisema wangependa sana kumtembelea mama yake, ila ni mbali. Tusekile alilipokea ombi lile, akalikunja, akalitia ndani ya sanduku la Chama cha Ukimya.

"Limehifadhiwa," alisema.

"Litajadiliwa lini?"

"Sisi hatujadili, Rut. Sisi tunanyamaza."

Siku ile Rut alikwenda mtoni kuchota maji, akalia mpaka akachoka, kisha akachota maji kwa sababu wanachama ndio waliokuwa wa zamu.

Mambo yalibadilika kwa ajili ya mbu. Katika mkutano wa Sindano, mwenyekiti alipendekeza zifumwe jozi ishirini nyingine za soksi kabla ya sikukuu. Wenzake wakaunga mkono. "Wanachama mnasemaje?" Wakati uleule mbu alimuuma Rut mguuni, akainama kujikuna, na mkono wake haukuinuka.

Kimya kikaingia, kile cha kweli ambacho Tusekile hakuwahi kukileta.

"Wanachama mnasemaje?" mwenyekiti alirudia.

Rut akainua kichwa. Akawatazama wale watatu. Akamwona katibu amepeleka kalamu karibu na karatasi, anangoja, hawezi kuandika. Hapo ndipo alipokumbuka kanuni ambayo Bibi Hulda aliwakaririsha kila Jumatatu: viongozi hupendekeza, wanachama huamua. Mwaka na zaidi aliikariri kama kasuku. Leo aliisikia.

Akauondoa mguuni ule mkono wa kujikuna, akauweka juu ya paja, akautuliza hapo.

"Wanachama hawakubali," alisema.

Wiki ile halikupita jambo. Uwanja haukufagiliwa, kwa kuwa wanachama hawakukubali ufagiliwe. Kinanda kililala na vumbi lake. Jumamosi Mzee Lazaro alitoka mlango wa mbele, akaketi barazani kwake mpaka jua likazama, na hakuna aliyemwimbia. Viongozi kumi na watano walizunguka na tepe zao kama kuku waliofungiwa nje. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiri kushika fagio, maana hilo halikuwa limepitishwa.

Wakaanza kumbembeleza. Katibu wa Usafi alimletea ndizi mbivu. Mtunza ufunguo wa Kinanda alimpa kipande cha samaki wa kukaanga, akasema, "Ndaga, dada, ndaga fijo," kabla Rut hajafanya lolote la kushukuriwa. Rut alikula vyote. Halafu kwenye mikutano aliuliza swali lilelile: "Ombi langu liko wapi?" Na wao walijibu kwamba litaangaliwa baada ya sikukuu. Mkono ukabaki juu ya paja.

Tusekile alimfuata bustanini.

"Unatuaibisha," alisema. "Unafikiri wewe ni nani?"

"Mwanachama," Rut alisema, akaendelea kung'oa magugu.

"Mimi nikiwa mahali pako..."

"Haya, uwe. Nipe utepe, uchukue fagio."

Tusekile alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe alikitumikia chama chake.

Sikukuu ilifika mwezi wa nane. Wageni walikuja: wachungaji wawili, wazee wa kanisa, wazazi wa karibu, na mzee mmoja wa Kijerumani mwenye ndevu nyeupe, mkaguzi wa shule za misheni, aliyeletwa juu ya punda. Bibi Hulda alikuwa amefagia uwanja mwenyewe alfajiri, akiwa amefunga mlango wa bweni ili asionekane. Soksi zilitundikwa kwenye kamba chini ya jua kali la Kyela, sufu nzito, jozi thelathini na nne. Wazee wa kanisa walizitazama wakanong'onezana kama ni mifuko ya mbegu au ni kofia.

Bibi Hulda aliwaeleza wageni namna wasichana wake wanavyojitawala. Kisha, kuonyesha kwa mfano, alimwita Tusekile mbele. Tusekile alipendekeza vyama vyote vitano vimshukuru mgeni mkubwa kwa kuja. Makatibu watano wakaunga mkono. Watunza funguo watano wakaunga mkono.

"Wanachama mnasemaje?"

Rut alisimama peke yake upande wa pili wa uwanja, mikono chini.

Bibi Hulda alitabasamu, akauliza tena. Tabasamu likaanza kukauka. Mkaguzi akainama kwa mmoja wa wachungaji, akauliza kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Hao wanachama wako wapi?"

"Ni yule pale, Bwana."

"Yule mmoja?"

"Mmoja."

"Na viongozi?"

"Kumi na watano, Bwana."

Mzee yule aliwatazama wale kumi na watano, akamtazama Rut. Halafu mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo, mpaka akavua miwani kufuta machozi. "Binti," alimwambia Rut, "kwa nini hutaki kunishukuru?"

Rut alipiga hatua moja mbele. "Nataka, Bwana. Mama yangu ameungua mkono. Nimeomba kwenda kumsaidia. Ombi liko ndani ya sanduku la Chama cha Ukimya. Likitolewa, nitainua mkono, na nikitakiwa nitainua yote miwili."

Wazazi waliguna. Mama mmoja akasema kwa Kinyakyusa, "Mwana wa watu huyo, mwacheni aende!" Mkaguzi alicheka tena, akampiga Bibi Hulda bega kidogo, akasema shule yake inaendelea vizuri kuliko anavyojua mwenyewe. Halafu chakula kikaletwa, wali na nyama, na mzee akala sana, akapanda punda wake akaondoka. Hakutoa amri yoyote. Alikuwa amefurahi, ikamtosha.

Bibi Hulda hakulala usingizi mzuri, ila asubuhi alikuwa na jibu. Aliwakusanya wote, akatangaza kwamba kimeundwa chama cha sita, Chama cha Mitungi, cha kutunza maji ya shule. Na mwenyekiti wake, kwa kuwa anatoka kwa wafinyanzi, atakuwa Rut.

Akambandika utepe wa manjano kifuani kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa Rut angeweza kukataa. Tungependa kusema alikataa. Lakini alikuwa na miaka kumi na mitano, na mwaka mzima na zaidi alikuwa ametazama tepe za wenzake akiwa na fagio mkononi. Utepe ule ulikuwa wa hariri. Siku ya kwanza aliugusa mara kwa mara aone kama bado upo. Siku ya tatu alikalia kile kiti, akagundua kwamba kutoka juu yake uwanja unaonekana mpana zaidi. Siku ya tano alimkemea msichana aliyepita mbele ya mitungi bila kuisalimia. Siku ya saba aliandika kanuni. Na katika siku hizo zote, mama yake na mkono wake ulioungua walimjia akilini mara mbili tatu, akasema moyoni, kesho.

Siku ya tisa aliitisha mkutano. Alipendekeza maji yachotwe. Akaunga mkono mwenyewe, kwa kuwa chama hakikuwa na katibu. Kisha akauliza:

"Wanachama mnasemaje?"

Akatazama mbele. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mitungi minne mikavu, na nyuma yake uwanja uliojaa majani makavu ya siku tisa, na viongozi kumi na watano wamekaa kivulini, kila mmoja akingoja jambo lipitishwe. Ndipo alipoelewa walichomfanyia, na, kibaya zaidi, jinsi alivyokipenda.

Alinyanyuka, akakunja mkeka wake, akaenda. Hakuaga, maana hakujua aage chama kipi. Alivuka mto Mbaka, akalala kwa jamaa wa baba yake, asubuhi akavuka Lufilyo ambao sasa ulifika magotini tu, akafuata ufuko mpaka kwao.

Mama yake alikuwa amekaa nje, akijaribu kukanda udongo kwa mkono wa kushoto. Anyosisye alimtazama binti yake toka juu mpaka chini, macho yakasimama kifuani.

"Nani amekufunga hiyo kamba?"

"Ni utepe, mama. Nilikuwa mwenyekiti."

"Wa nini?"

"Wa mitungi."

Mama aliangalia vyungu vibichi vilivyopinda alivyokuwa amevifinyanga kwa mkono mmoja, akamwangalia binti. "Habari zangu ulizipata lini?"

Rut alitamani kudanganya. "Mwezi uliopita. Walininyima ruhusa. Lakini... siku tisa za mwisho, mama, hawakuninyima. Nilikaa tu."

Anyosisye hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wa kushoto, akaunyofoa ule utepe, akaunusa, akautumia kufunga upya dawa kwenye kidonda, maana kitambaa cha zamani kilikuwa kimeoza. "Nenda kanawe mikono," alisema. "Udongo unakauka." Siku tatu hakumwambia kitu kingine ila cha kazi.

Baada ya mwezi barua ilifika. Rut aliisomea familia nzima. Vyama sita, kwa kauli moja, vilimfukuza.

"Sita?" Ezekia aliuliza. "Hata hicho chako?"

"Hata changu, baba."

"Nani alipiga kura?"

Rut aliikunja barua, akarudi kwenye udongo.

Alikaa ziwani. Aliolewa na Enoki, mvuvi mpole aliyependa kusomewa. Alikuwa mwanamke pekee pale ufukweni aliyejua kuandika, na watu walimletea mashauri yao na barua za mahakama ya boma, naye aliwaandikia kwa mwandiko uleule ambao Kinanda waliukataa. Wanawake walipotaka kuunda umoja wa wafinyanzi wakamwomba awe mkubwa wao, alisema ataandika majina, basi, na kila mmoja atabeba kuni zake.

Mwaka 1916 Waingereza waliingia kutoka Nyasaland, na Wajerumani wa misheni wakakusanywa kupelekwa mbali. Kundi moja lilipita ufukweni kungoja meli. Bibi Hulda alikuwamo, amekonda, miwani imefungwa uzi pande zote mbili sasa. Rut alimpelekea maji na samaki. Hawakuzungumzia shule. Bibi Hulda alimweleza kwa furaha kwamba mateka tayari wameunda kamati tatu, ya chakula, ya mizigo na ya nyimbo, na kwamba yeye ni katibu wa mbili. Rut alitazama mizigo. Ilikuwa imetapakaa mchangani, na hakuna aliyekuwa akiibeba.

Akamshika mkono yule mwanamke, maana alimhurumia, na pia maana ni yeye aliyemfundisha kusoma. Kisha akarudi kwenye tanuri lao la nyasi. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka Ukinga, na Anyosisye alisema wangoje, naye Rut alisema wachome leoleo. Wakachoma. Mvua ikaja, vyungu kumi na viwili vikapasuka, na walibishana mpaka chakula cha jioni juu ya nani aliyesema nini.